Mguu Hauuzwi Dukani: Hoja Dhidi ya Sharti la Soksi

Kuna bidhaa moja ndogo ambayo imeanza kuufuata mguu wa mtu wa mwambao hadi ndani ya chumba cha mazoezi. Ni soksi fupi ya pamba na nailoni, yenye vitone vya mpira chini ya wayo, nayo huuzwa kwa wanaojifunza mazoezi ya Pilates. Sifa zake hutangazwa kwa maneno mawili tu: haitelezi, na hudumu. Mfasiri akitakiwa kulitia jina lake katika Kiswahili, la kwanza litakalomjia ulimini ni soksi za mshiko. Naye atakuwa amesema kweli kuliko alivyokusudia, kwani mitaani, tangu Tanga hadi Dar es Salaam, mshiko ni fedha.

Soksi yenyewe haina kosa. Kosa ni la sharti lililofungamanishwa nayo. Katika vyumba vingi vya mazoezi vya Ulaya na Marekani, na katika vile vya miji ya Afrika Mashariki vinavyoiga mtindo wao, mwanafunzi asiye na soksi hizi haruhusiwi kupanda juu ya mashine. Anunue jozi mlangoni ama arudi kwake. Huko Marekani jozi moja hufika dola 10 hadi 20. Sharti hilo hupewa sababu tatu: usafi, usalama na bima. Sababu hizo zinastahiki kupimwa moja moja, kwa mizani isiyomwogopa mwenye duka wala kumdhulumu.

Lakini kabla ya kupima, yafaa kuuliza elimu hii ilizaliwa wapi na ikiwa imevaa nini.

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui akatiwa kizuizini. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliipitisha katika kambi ya Knockaloe, kisiwani Man. Huko ndiko alikoyaendeleza mazoezi yake pamoja na mahabusu wenziwe, na inasimuliwa kuwa alifunga springi kwenye vitanda ili hata wasioweza kusimama wapate kunyoosha viungo. Baada ya vita alirudi kwao, kisha katika miaka ya 1920 akahamia New York, akafungua chumba cha mazoezi ambacho kilikuwa kimbilio la wacheza dansi walioumia. Mwaka 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34, yote ya kufanywa mkekani. Sanaa yake hakuiita kwa jina lake. Aliiita kwa neno lenye maana ya elimu ya kuutawala mwili. Alifariki mwaka 1967. Mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba jina Pilates limekwisha kuwa la watu wote, na kwamba hapana mfanyabiashara awezaye kulimiliki peke yake.

Basi na izingatiwe hali hiyo. Elimu hii ilikuzwa na mfungwa, katika kambi, kwa vitanda vya wafungwa. Haikuwa na duka mlangoni. Vitone vya mpira havikuwapo, na sharti la kuvinunua halikuwapo.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoitia Raskazone katika vitabu vya historia. Rasi hiyo, mashariki ya mji wa Tanga, inajulikana leo kwa miti yake, majumba yake ya zamani, Hospitali ya Bombo iliyo njiani, na fukwe zake za kuogelea. Novemba 1914 ilijulikana kwa jambo jingine. Jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 8,000, lililotoka Bombay, lilishuka pwani ya Raskazone likiwa na mabuti na mizigo ya kila namna. Waliolingoja walikuwa wachache mno kuliko wao, wengi wakiwa askari Waafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Wale wageni walikuwa wamesongamana melini wiki kadhaa, miguu imekufa ganzi na vichwa vinazunguka kwa mawimbi, na wengi wao hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Tarehe 5 Novemba walipanda meli zao wakaondoka, wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, kwa hesabu ya Wajerumani. Watu hupenda kuwapa nyuki sifa ya ushindi ule, na nyuki walikuwako kweli. Lakini kilichokosekana zaidi ni matayarisho.

Katika vita vimoja, basi, yapo mafunzo mawili yanayotazamana. Kisiwani Man mtu asiye na kitu alijenga elimu ya mwili ambayo ingali hai baada ya miaka mia na zaidi. Raskazone watu waliokuwa na kila kitu waliviacha vitu vyao mchangani. Kifaa hakijapata kukaa mahali pa maandalizi, na soksi ni kifaa.

Sasa na ije sababu ya usalama, maana ndiyo kubwa. Wasemao kwamba mguu mtupu huteleza wanasahau mguu ni nini. Kila mguu wa binadamu una mifupa 26. Ngozi ya wayo haina nywele; ina mistari kama ile ya ncha za vidole vya mkono, na imejaa mishipa ya hisi inayoupelekea ubongo habari ya kila pembe ya sakafu. Mtu asimamaye kwa mguu mmoja huongozwa na habari hiyo, na ndiyo inayomwambia aelemee kushoto au kulia kabla hajajua kuwa alikuwa akianguka. Kitambaa, hata kikiwa chembamba, huipunguza habari hiyo. Hivyo soksi ya kawaida ina hatari mbili, kuteleza na kunyamazisha. Ile yenye vitone huponya ya kwanza na kuiacha ya pili.

Watu wa mwambao waliijua siri hii zamani, wakaitengenezea kifaa. Mtawanda ni ubao uliochongwa kwa umbo la wayo, wala hauna mkanda wala kamba. Una msuruaki tu, kijiti kinachosimama baina ya kidole gumba na kidole cha pili. Aliyeuvaa hushika kwa vidole vyake. Akilegeza, mtawanda humtoka. Akikaza, huenda naye juu ya sakafu ya maji hadi msalani na kurudi. Fundi aliyeuchonga alitaka mguu ufanye kazi yake, na akampa mvaaji mahali pa kuifanyia. Ile soksi ya vitone imechukua njia ya kinyume: imeuambia mguu ulale, mpira utafanya kazi. Wazee walikuwa na kitenzi kizuri kwa tendo la msuruaki, nacho ni kugwia. Kugwia ni tendo la kiungo kilicho hai. Kunata ni tabia ya gundi.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa wapenzi wa ushairi. Neno mizani katika Kiswahili hupima uzito sokoni na hupima silabi katika mshororo. Mshairi mchanga asiyejua kuhesabu huomba vina vya kukopa, akavibandika mwishoni mwa mistari ili shairi lisianguke. Nalo huanguka hivyo hivyo, kwani lililokosekana ni uwiano wa ndani. Vitone vya mpira kwa mtu asiyejifunza kusimama ni vina vya kubandika. Anayejua kusimama anaweza kuvivaa au kuviacha, kama Abebe Bikila wa Uhabeshi, ambaye mwaka 1960 alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini Rome miguu mitupu, na mwaka 1964 akashinda tena Tokyo akiwa na viatu. Watu hulisimulia la Rome na kulisahau la Tokyo. Yote mawili husema neno moja: aliyeshinda ni mguu.

Watetezi wa soksi watajibu, na jibu lao lina haki yake. Watasema kwamba katika Pilates iko ile mashine yenye kitanda kinachoteleza juu ya reli na kuvutwa kwa springi, na kwamba mtu akisimama juu yake wayo ukiwa na jasho, akateleza, ataumia. Ni kweli. Watasema kwamba mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni hapaswi kutembea miguu mitupu, maana atajikata asijue, na kidonda kidogo kitamfikisha pabaya. Ni kweli pia, tena ni kweli inayostahiki kusemwa kila siku katika kila nyumba ya mwambao, ambako maradhi hayo si mageni. Mtu huyo avae soksi, na iwe laini, isiyobana, isiyo na mshono wa kumchubua. Watasema kwamba mtu mwenye ukungu au mwasho wa vidole asikanyage mahali pa wenziwe. Nani atakataa?

Lakini tazama hoja hizo zinavyokaa. Ya kwanza ni ya mashine, si ya mkeka. Na mazoezi 34 ya kitabu cha 1945 ni ya mkeka, mengi yao mtu amelala au ameketi, wala wayo haugusi chini. Ya pili ni ya wagonjwa, wanaohitaji ushauri wa tabibu, wala hawapaswi kutiwa fungu moja na kila aingiaye. Ya tatu ni ya usafi, na usafi wa mguu una dawa ya kale kuliko soksi, nayo ni maji. Mtu wa mwambao huvua viatu barazani, hunawa miguu kabla ya kuingia msikitini, na hafikiri kuwa ametenda jambo la ajabu. Soksi iliyotembezwa kutoka nyumbani hadi garini na kutoka garini hadi chumba cha mazoezi ni chafu kuliko mguu ulionawiwa mlangoni. Hakuna hoja hata moja kati ya hizo tatu inayozaa sharti kwa watu wote. Linalozaa sharti hilo ni bima, na bima hiyo iliandikwa kwa hofu ya mahakama za nchi nyingine.

Wako wanaotaja hospitali, kwamba huko wagonjwa huvishwa soksi za vitone wasianguke. Huvishwa kweli katika nchi nyingi. Ila uchunguzi uliofanywa juu yake haujathibitisha waziwazi kwamba zinapunguza kuanguka, na wauguzi wenye uzoefu hutegemea zaidi mwanga wa kutosha, sakafu kavu, na mtu wa kumshika mgonjwa mkono.

Na jambo la kuanguka halifai kufanyiwa mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee ndio wanaofariki zaidi. Kinga inayojulikana kwa yakini ni mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yafanywayo mara kwa mara. Basi bibi wa miaka 65 wa Chumbageni au wa Ngamiani, aliyeambiwa na tabibu wake aimarishe miguu, akifika mlangoni akaambiwa kwanza alipe soksi kwa bei ya chakula cha nyumba nzima, atarudi kwake. Hatarudi tena. Siku atakapoteguka nyonga ndani ya ua wake mwenyewe, hapana atakayeihesabu ile soksi miongoni mwa sababu. Hili ndilo lililomo hatarini: kinga iliyo rahisi kuliko zote imewekewa kizingiti na muuzaji.

Na yaangaliwe sasa hayo maneno mawili ya tangazo. La kwanza ni haitelezi. Kuteleza ni jambo la watu wawili, yaani wayo na sakafu. Mmoja hawezi kuapa kwa niaba ya mwenziwe. Vitone vile hushika vizuri juu ya ubao mkavu na ngozi ya mashine. Juu ya marumaru yenye vumbi la kaskazi, au vigae vilivyodondokewa na mafuta ya nazi, hushika kidogo sana, na aliyeahidiwa kuwa hatateleza huenda kwa pupa kuliko asiyeahidiwa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Walijua kuwa mwili uliofunzwa huteleza ukajizuia. Walisema vilevile kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na tangazo hili limejikwaa ulimi.

La pili ni hudumu. Udumifu wa soksi hii hupimwa mahali pane: kisigino, ncha ya kidole gumba, nyuzi za mvuto zinazoishikilia mguuni, na vitone vyenyewe. Vitone huwa ni silikoni au plastiki iliyochapwa juu ya kitambaa kisha ikakaushwa kwa joto. Vile hafifu hubanduka vikikunjwa kwa kucha, na mnunuzi anaweza kulijaribu hilo pale pale dukani. Vikiwa katikati ya wayo tu, bila kufika vidoleni na kisiginoni, ni pambo. Soksi ya haki ina kisigino kilichofumwa maradufu, mshono bapa, na pamba ya kutosha kunywa jasho. Watengenezaji huagiza ifuliwe kwa maji baridi, ikiwa imegeuzwa nje ndani, bila dawa ya kulainisha, na isitiwe katika mashine ya kukaushia, kwani joto huua nyuzi za mvuto. Sasa fikiria soksi hiyo katika ua wa Tanga: imesuguliwa kwa sabuni ya mche, imekamuliwa kwa nguvu, imeanikwa juu ya kamba saa saba mchana. Jua la pwani hufanya kazi ile ile iliyokatazwa mashine. Anayetaka kuitunza aianike kivulini. Ila muuzaji aliyeandika hudumu alipaswa kueleza hudumu wapi, mikononi mwa nani, na chini ya jua gani.

Uchungu zaidi ni huu, kwamba mali ghafi ya bidhaa hii haiko mbali na Raskazone. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na inasimuliwa kuwa miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana nayo ukatoka utajiri uliofikia takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka mmoja, 1964. Mpira ulipandwa na Wajerumani hao hao katika nchi ya Muheza na Usambara, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913; na shamba la mpira la Kihuhwi, Muheza, liliwahi kutegemewa na kiwanda cha matairi cha Arusha. Pamba hulimwa kanda ya ziwa, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa marobota. Katani haifai kuwa soksi, maana ni ngumu kwa ngozi. Lakini inafaa sana kuwa zulia na mkeka wa kukanyagia, na huko ndiko kushika kunakopaswa kukaa, chini, kwenye sakafu, mahali ambapo watu 20 wataukanyaga mmoja kwa zamu bila ya kila mmoja kununua jozi yake. Nchi yenye nyuzi, mpira na pamba inauziwa vitone vya plastiki kutoka ng'ambo, na kufundishwa kwamba mguu wake haujakamilika bila ya hivyo.

Fundisho hilo lina ukoo. Wakati wa ukoloni kiatu kilikuwa cheo. Mtumishi alikwenda miguu mitupu ndani ya nyumba ya bwana ili ijulikane nani ni nani, na mwanafunzi wa shule alikanyaga umande ilhali mwalimu mkuu amevaa buti. Ndipo mguu mtupu ukahesabiwa kuwa alama ya unyonge, na walioupata uhuru wakaharakisha kuufunika. Hawana lawama kwa hilo. Lakini mtu aliyekwisha kuwa huru hana haja ya kuuonea aya wayo wake, wala haja ya kuthibitishiwa ustaarabu wake na mlinda mlango mwenye kikapu cha soksi.

Yanayotakiwa si mengi. Kwanza, wenye vyumba vya mazoezi waweke ndoo ya maji, kata na taulo mlangoni, na wapanguse mashine zao baada ya kila mtu, kama wanavyopaswa kufanya hata soksi zikiwapo. Pili, sharti la soksi libakie kwa mashine ambazo hatari yake ni ya kweli, na hapo jozi safi za kuazima ziwepo kwa asiye na uwezo. Mazoezi ya mkekani yaachwe huru. Tatu, mwenye kisukari, mwenye jeraha na mzee aliyedhoofika waulizwe hali zao na kushauriwa kwa heshima, wasigeuzwe kisingizio cha kuwauzia wazima. Nne, wafasiri na watunzi wa matangazo waache kuahidi kwa niaba ya sakafu. Wakiita soksi hizi soksi za vitone watakuwa wameeleza kinachoonekana, na Kiswahili hakitakuwa kimeapa kiapo cha uongo.

Mahakama ya New York ilikwisha kusema mwaka 2000 kwamba jina la elimu hii ni la kila mtu. Itakuwa kichekesho kikubwa ikiwa jina limeachwa huru, na mlango wake ukafungwa kwa jozi ya soksi. Anayezipenda avae. Asiye nazo anawe miguu aingie.